Maziwa ya kopo yalivyomkataa mwanangu: niliyopitia na ninayotamani ningeyajua mapema

Mzazi unayesoma haya saa tisa usiku, mtoto begani na khanga ya tatu imeshalowa, kwanza pole. Nimepita hapo. Mwanangu ana miezi kumi na minne sasa, anawafukuza kuku wa jirani uani, na ukimwona huwezi kuamini kwamba alipokuwa na wiki tisa nilikaa kwenye ngazi ya nje, hapa Tabata, umeme umekatika, nikilia kuliko yeye. Amerithi jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Nitamwita hivyo hivyo hapa.

Mimi si daktari. Ni mama aliyebadilisha maziwa ya kopo aina nne ndani ya wiki tano, na muda wote huo sikujua ninatafuta nini.

Babu alizaliwa mwanzoni mwa Desemba kwa upasuaji, kilo 3.2, mzima kabisa. Maziwa yangu yalichelewa kushuka. Siku ya tano ndipo kifua kilipojaa, na kufikia hapo kopo lilikuwa limeshafunguliwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na mshono unaouma, mtoto analia, wifi yangu amesimama mlangoni na kopo mkononi kwa upendo wote, na mimi nikasema haya, mpeni. Nilidhani ni ya siku mbili tu. Lakini titi lisiponyonywa maziwa hupungua, na yakipungua unaongeza chupa, na ukiongeza chupa yanapungua zaidi. Kufikia arobaini Babu alikuwa anakula chupa mchana kutwa na titi usiku.

Kucheua kulianza wiki ya tatu. Mwanzoni ni kidogo tu, tone mdomoni, bibi yake anafuta kwa kidole anacheka, "mtoto ameshiba huyo." Kisha ikawa kila baada ya kula. Kisha ikawa hata saa nzima baada ya kula, maziwa yameshaganda kama mtindi, yanatoka mdomoni na puani. Joto la Januari la Dar mnalijua. Mikunjo ya shingo yake ilikuwa haikauki, ikawa myekundu, inanuka uchachu. Nyumba nzima ilinuka uchachu. Nilikuwa natandika khanga kitandani, khanga begani, khanga mapajani, na bado nabadilisha dera mara tatu kwa siku.

Halafu kikaja kilio. Anakunywa nusu ya chupa, anajikunja kama upinde, anageuza kichwa, anapiga kelele, anataka tena chupa, anaikataa tena. Kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama yangu, aliyetoka Korogwe kuja kunitunza uzazi, alisema ni chango. Akachemsha mizizi yake nikamwambia mama naomba tusubiri kwanza, akaninunia siku mbili. Jirani yetu, Mama Nasra, alisema ni kimeo, na anamjua mzee anayekata. Kwa hilo nashukuru Mungu nilikuwa na msimamo. Kukata kimeo ni kumkata mtoto mchanga kooni kwa kifaa usichojua kimetoka wapi. Watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanakufa. Mtoto anayetapika hana tatizo kwenye kimeo. Kama kuna mtu anakushawishi sasa hivi, mshukuru, funga mlango.

Mimi nilichagua njia niliyoiona ya kisasa, kumbe nayo ilikuwa ya kubahatisha. Nilienda duka la dawa la mtaani, nikaeleza, nikauziwa kopo lingine. Siku nne, hakuna nafuu. Nikarudi, nikauziwa la tatu, lisilo na laktosi, kijana wa dukani akasema hili ndilo dawa. Siku sita. Kisha mfanyakazi mwenzangu akaniambia mtoto wa dada yake alipona kwa maziwa ya mbuzi ya kopo, nikapanda daladala mpaka Kariakoo kulitafuta. Katikati ya hayo kulikuwa na matone ya gesi, maji ya gripu, chupa mpya yenye mrija ndani, na mama yangu, kwa nia njema, alikuwa anakoroga unga wa mchele kidogo kwenye chupa ya usiku ili "ikae tumboni". Kila kilichobadilika kilimpa Babu siku moja au mbili nzuri, nikafurahi, nikawapigia watu simu, kisha tukarudi pale pale. Baadaye nilipojumlisha risiti, maziwa peke yake yalikuwa sh. 460,000. Mume wangu ni dereva wa lori. Pesa hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Wiki ya tisa ndiyo ile ya ngazi ya nje. Baba Babu alikuwa safarini, mama amechoka amelala, umeme hakuna, feni imesimama. Babu alikuwa amelia saa tatu mfululizo. Kuna dakika moja nilimshika mabegani na nikahisi mikono yangu inakaza. Niliogopa sana. Nikamlaza chali katikati ya kitanda, nikaweka mito pembeni, nikatoka nje nikamwacha analia. Hili nalisema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla: hasira ikipanda hivyo, mlaze mahali salama, toka, kaa nje dakika tano, kunywa maji, mwamshe mtu. Mtoto akilia dakika tano peke yake haumii. Mtoto mchanga akitikiswa anaweza kuumia ubongo na kufa. Mama alinikuta pale kwenye ngazi, hakusema kitu, akaingia kumchukua. Usiku ule alilala naye yeye. (Na ile mito pembeni, baadaye nilielezwa nayo si salama, mtoto mchanga hawekewi mto wala nguo zilizorundikana karibu na uso.)

Kesho yake tulienda hospitali moja ya binafsi. Daktari alimtazama kama dakika nne, akaandika dawa ya kupunguza asidi na ya kuzuia kutapika. Hakumpima uzito. Hakuuliza anakula kiasi gani. Nilitoa sh. 85,000 na kuondoka na matumaini. Siku kumi za dawa hazikubadilisha kitu.

Aliyebadilisha mambo ni nesi wa kliniki ya mtoto, kliniki ya serikali, ile tunayokwenda kwa chanjo. Ilikuwa chanjo ya wiki ya kumi. Babu alicheua juu ya mizani, nikaanza kuomba radhi na machozi yakanitoka. Sista akaniambia, "Mama, kaa pale, nikimaliza foleni nakuja." Nilikaa mpaka saa saba mchana. Akaja kweli.

Kwanza alifungua kadi. Akanionyesha kwa kalamu: kilo 3.2 alipozaliwa, 4.6 wiki ya sita, 5.4 leo. Mstari unapanda. "Mtoto anayetapika chakula chote hapandi hivi." Kisha akaomba khanga yangu, akaitandaza kwenye benchi, akachukua chupa, akapima vijiko viwili vya chakula vya maziwa, akavimwaga. Doa lilitanuka mpaka likawa kama sahani. "Umewahi kuona amecheua zaidi ya hapa?" Sikuwahi. Hiyo ni mililita 30. Mimi nilikuwa naapa kwamba anarudisha chupa nzima.

Akanieleza kwa nini watoto wanacheua. Pale juu ya tumbo pana msuli wa mviringo unaofunga kama kamba ya mfuko, na kwa mtoto mchanga bado umelegea. Chakula chake chote ni cha majimaji, analala muda mwingi, tumbo ni dogo, likijaa, yanapanda. Kwa watoto wengi hali hiyo huwa kali karibu na mwezi wa nne, kisha inapungua anapoanza kukaa, na akifikisha mwaka wengi wao wameacha. Mtoto anayecheua huku anaongezeka na amechangamka hahitaji dawa.

"Lakini huyu analia," nikamwambia.

"Ndiyo. Sasa nitengenezee chupa hapa mbele yangu, kama unavyofanya nyumbani."

Nilikuwa na kila kitu kwenye mkoba. Nikatoa kopo, nikatoa kijiko, nikaanza. Akanishika mkono. "Kijiko hiki umekitoa wapi?"

Kilikuwa cha kopo la kwanza. Nilikipenda kwa sababu kina mpini mrefu, kile cha kopo jipya kilikuwa kinazama kwenye unga. Nilikuwa nimekihamisha kutoka kopo hadi kopo, aina nne zote. Sista akachimba, akatoa kijiko halali cha kopo lile, akaviweka sambamba. Changu kilikuwa kikubwa zaidi, karibu robo nzima, na mimi nilikuwa nakijaza kilima, sikikwangui. Kwa wiki tano nilimpa mwanangu maziwa mazito kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana choo chake kilikuwa kigumu. Kuna wakati alilia kwa kiu, mimi nikamwongezea chupa nyingine nzito.

Sijawahi kujisikia vibaya kiasi kile. Sista hakunigombeza. Aliniambia hiyo haiko kwangu peke yangu, anaiona mara kwa mara, na ndiyo maana huwa anaomba kutengenezewa chupa badala ya kuuliza maswali.

Kisha tukapiga hesabu ya kiasi. Mtoto wa umri ule anayekula kopo anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo yake kwa siku. Kilo 5.4 ni mililita 810, yaani kama 100 kwa mlo ukigawa milo minane, na hapo titi la usiku bado halijahesabiwa. Mimi nilikuwa nampa 150 kila mlo, na akilia namwongezea. Tumbo lilikuwa linajazwa mpaka mdomoni.

Haya ndiyo nilirudi nayo nyumbani siku ile, na nayaandika jinsi nilivyoyabandika ukutani jikoni kwa ajili ya mama na dada wa kazi. Kijiko ni cha kopo lenyewe, kinakwanguliwa kwa kisu safi kikawa sawa, na kila kopo jipya unasoma upya maji kiasi gani kwa kijiko kimoja, kwa sababu yanatofautiana. Maji kwanza, unga baadaye. Maji yawe yamechemka na bado ni ya moto sana, yasiwe yamekaa zaidi ya nusu saa tangu yachemke, kwa sababu unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na ni moto ndio unaoviua. Baada ya hapo ndipo unaipoza chupa kwenye bakuli la maji baridi na kujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Chupa iliyotengenezwa haikai zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu mimi sikuwa naisubirisha hata hizo. Kilichobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma. Hakuna unga wa mchele, hakuna uji kwenye chupa: mtoto chini ya miezi sita anaweza kupaliwa nao, na haumpi anachohitaji. Anakula akiwa ameinuliwa, anasaidiwa kutoa hewa katikati na mwisho, kisha anabebwa wima nusu saa. Na kulala ni chali. Mama alisisitiza alale kifudifudi asije akapaliwa. Sista alisema hapana, chali hata kwa mtoto anayecheua, kwa sababu kulala kifudifudi ndiko kunakohatarisha pumzi yake.

Tena akaniambia ninunue daftari. Saa, mililita, ametapika au la, choo cha aina gani, nepi ngapi zimelowa. "Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Badilisha kimoja, ngoja, andika." Nilinunua daftari la kurasa 48 kwa Mangi pale kona. Lipo hadi leo, limejaa madoa ya maziwa.

Ndani ya siku tano kilio cha jioni kilipungua nusu. Choo kikalainika. Niliona tumeshinda.

Likizo yangu ya siku 84 iliisha mwisho wa Februari nikarudi kazini. Wiki iliyofuata, wiki yake ya kumi na tatu, dada wa kazi alinipigia simu saa nne asubuhi: "Dada, kwenye nepi kuna damu."

Ilikuwa michirizi myembamba kama uzi, ndani ya ute. Nilirudi kwa bodaboda. Nilifungua daftari na hapo ndipo lilinifaa kuliko pesa zote nilizotumia. Kama choo kingekuwa kigumu, damu ingeweza kuwa ya kuchanika tu. Lakini choo kilikuwa laini kwa zaidi ya wiki mbili, nilikuwa nimeandika. Kucheua kulikuwa bado mara nane hadi kumi kwa siku ingawa kiasi kilikuwa sahihi. Na mashavuni alikuwa na ukurutu ambao sote tulidhani ni joto.

Daktari wa watoto tuliyemwona safari hii alisoma zile kurasa moja baada ya nyingine, kimya, kama dakika kumi. Kisha akapima choo kwanza, kuhakikisha si amiba wala maambukizi mengine, kwa sababu hapa Dar damu kwenye choo huanzia huko. Kilikuwa safi. Ndipo akasema anashuku aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe.

Nikamwambia lakini dokta, nilishampa lisilo na laktosi. Akanieleza kitu ambacho natamani kila muuza duka la dawa angekijua. Laktosi ni sukari ya maziwa. Aleji hii inatokana na protini. Kopo lisilo na laktosi lina protini ile ile ya ng'ombe. Na maziwa ya mbuzi protini yake inafanana mno na ya ng'ombe, mtoto anayekataa moja mara nyingi anakataa na lingine. Soya nayo hakushauri chini ya miezi sita. Kwa hiyo makopo yangu yote manne yalikuwa na kitu kile kile.

Hakuna kipimo cha damu ambacho kingetupa jibu kwa aina hii ya aleji inayokuja taratibu, alisema. Kipimo ni kuacha na kurudia. Unaondoa maziwa ya ng'ombe kabisa kwa wiki mbili hadi nne. Akipata nafuu, unayarudisha kwa makusudi uone kama dalili zinarudi. Na kwa kuwa bado ananyonya, mimi pia ninaacha.

Kopo linalofaa ni lile ambalo protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo mno. Nilitafuta maduka matano ya dawa kabla ya kulipata, Upanga, gramu 400 kwa sh. 95,000. Tukapiga hesabu usiku ule, mimi na baba yake, kwenye meza ya jikoni. Kwa kopo peke yake bila titi, lingeisha kwa siku tatu hadi nne. Makopo tisa kwa mwezi, sh. 855,000, zaidi ya mshahara wangu. Tulinyamaza. Kisha tukagombana, ugomvi mbaya, yeye akasema mimi ndiye niliyeanzisha kopo, mimi nikasema yeye hakuwepo. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu. Asubuhi aliniomba radhi, nami nikamwomba.

Ni yule sista tena aliyetupa njia. "Mama, maziwa yako hayajakauka. Mnyonyeshe." Nilidhani baada ya miezi mitatu haiwezekani. Inawezekana. Nilimweka Babu kifuani ngozi kwa ngozi kila nilipokuwa nyumbani, titi kwanza na chupa baadaye, usiku kila baada ya saa mbili, na nikimaliza nakamua kwa mkono hata kama yanatoka matone. Wiki ya kwanza nilikamua mililita 20 nikalia. Wiki ya tatu nilikuwa napata 90 kwa mkupuo. Kazini niliongea na bosi. Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mimi siwezi kwenda Tabata na kurudi katikati ya siku, kwa hiyo tulikubaliana niondoke mapema, na mchana nikamue kwenye chumba cha stoo. Nilibeba kiboksi cha barafu. Kama unafanya kazi na hujaomba haki hiyo, iombe, hata kama unaona haya.

Mwezi wa kwanza tulinunua makopo matano ya bei ile. Wa pili, mawili. Kufikia miezi mitano Babu alikuwa ananyonya, na kopo moja kabatini kwa dharura.

Kuacha maziwa mimi mwenyewe kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, na si kwa sababu ya chai, ingawa chai ya maziwa asubuhi ndiyo ilinifanya nijione mtu. Ugumu ni maziwa yaliyojificha. Maandazi ya jirani yamekandiwa maziwa. Biskuti zina unga wa maziwa. Mkate laini, siagi, mchuzi wa shughuli uliotiwa mtindi, wali wa sherehe uliopakwa samli. Siku ya nane nilikula kipande cha keki kwenye kitchen party ya binamu yangu bila kufikiri, nikakaa siku tatu nachungulia nepi. Nazi iliniokoa: chai ya tui la nazi na iliki si mbaya hata kidogo. Daktari aliniandikia vidonge vya madini ya chokaa, nami nikaongeza dagaa na mchicha.

Siku ya kumi na moja ya daftari jipya nimeandika: "Amecheua mara 3. Ukurutu umekauka shavu la kulia. Nepi safi. Amelala 8–12." Nililipiga picha nikamtumia baba yake akiwa Tunduma. Alinijibu kwa sauti, na sauti ilikuwa inatetemeka.

Kisha ikaja sehemu niliyotaka kuiruka, kumrudishia maziwa. Wiki nne zilikuwa zimekwisha, mtoto anacheka, nani anataka kumrudisha kwenye mateso? Lakini daktari alisema watoto wengi wanaachishwa maziwa miezi mingi bure, kwa sababu walipona wenyewe au tatizo lilikuwa jingine, kama kile kijiko changu. Kwa Babu, kwa kuwa dalili zake zilikuwa za taratibu, alituruhusu kufanya nyumbani, kidogo kidogo na kwa siku alizopanga yeye. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo, kutoka vipele vya ghafla au kubanwa pumzi baada ya maziwa hafanyiwi hivi nyumbani kamwe. Siku ya tatu ukurutu ulirudi na alicheua mara kumi na moja. Siku ya nne, uzi wa damu. Tukaacha. Iliniuma, na pia ilinituliza, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa na jibu.

Nimeandika sana kuhusu mtoto wangu aliyekuwa anaongezeka uzito. Wako akiwa tofauti, usimalizie hata kusoma. Matapishi ya kijani, au yenye damu: nenda saa hiyo hiyo, usiku wa manane au la. Matapishi yanayoruka mbali kama maji ya bomba kila baada ya mlo, hasa kati ya wiki ya tatu na ya nane, mtoto akabaki na njaa: nenda, mlango wa tumbo unaweza kuwa umebana na ni upasuaji mdogo unaomwokoa. Homa kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba au uliodidimia, tumbo gumu lililojaa, kulegea, kukataa kula kabisa, nepi zilizolowa zikipungua chini ya zile sita za kila siku, mstari wa kadi ulionyooka au kushuka: hayo si ya kucheua na si ya kubadilisha kopo.

Alipofika miezi sita tulianza uji wa lishe bila maziwa, ndizi, viazi, na kucheua kukapungua alipojifunza kukaa. Mwezi wa tisa nilizirudisha khanga kabatini. Alipotimiza mwaka tulijaribu tena maziwa, kupitia robo ya biskuti, kwa sababu maziwa yaliyookwa ndani ya unga huvumilika kwa urahisi zaidi kuliko ya kunywa. Ilishindikana, ukurutu ulirudi. Daktari akasema tusubiri miezi miwili.

Miezi miwili imeisha Jumamosi. Nimemvunjia robo ya biskuti, ameila amesimama, ameomba nyingine, nimemnyima. Leo ni Jumanne. Mashavu ni laini, nepi ya asubuhi ilikuwa safi, nimeandika.